Gari la Mjomba: Kweli na Uongo wa Zawadi ya Matairi Manne

Gari la zawadi likiingia uani Katumba Songwe, kuku hukimbia, watoto hulizunguka, na kabla injini haijapoa mwenyewe ameshapewa ushauri na watu saba. "Kadi unayo? Basi, la kwako hilo." "Si kakupa mjomba? Ndugu kwa ndugu hamna kodi." "Hili la Karonga? Wale wenzetu, ziache hizohizo namba." Umeyasikia haya, usinikatalie. Kama si kijiweni, basi msibani, pale watu wanapoanza kuulizana kwa sauti ya chini gari la marehemu litakwenda kwa nani.

Huku kwetu Kyela zawadi ya gari hutufikia kwa njia mbili. Moja hushuka na lami: ndugu wa Dar es Salaam au Mbeya anajinunulia jingine, lile la zamani analituma nyumbani, linapita Uyole, linapita Tukuyu, linateremka bondeni kubeba mpunga na kakao. Ya pili ni fupi lakini ina kona nyingi zaidi: inavuka daraja la Songwe pale Kasumulu, kutoka kwa shangazi aliyeolewa Karonga. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule huoana na huzikana, na mpaka haujawahi kuwazuia kupeana vitu. Nimeyachukua maneno yanayosemwa juu ya njia zote mbili, nikayapima moja moja. Yaliyopona ni machache.

"Kadi ikiwa mkononi mwako, gari ni lako."

Uongo, na ndio unaozaa mwingine wote. Kadi ya gari ina jina, na wenye kazi yao husoma jina hilo, hawaangalii mkono ulioishika. Kwenye daftari la Mamlaka ya Mapato, TRA, mwenye gari ni mjomba aliyekupa, yule wa Tabata, Dar es Salaam, hata kama wewe umeliosha, umelijazia mafuta na umelibadilishia matairi kwa miaka sita. Kamera ya trafiki ikikunasa pale Tukuyu, faini ya shilingi 30,000 inaandikwa kwenye namba ya gari, na namba hiyo ina jina la mjomba. Ukimgonga mtu, polisi watakaotafuta mwenye chombo wataanza kwake. Mzee wa watu yupo Dar anakunywa chai, simu inaita kutoka kituo ambacho hajawahi kukiona.

Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha pikipiki ya kaka kwa miaka mitatu, kadi nimeifungia kabatini kama cheti cha ubatizo. Siku nilipotaka kuiuza, mnunuzi aliisoma kadi, akanitazama, akauliza swali moja tu: "Huyu ndiye wewe?" Kaka wakati huo alikuwa Zambia kikazi. Biashara ikaishia hapo.

"Ndugu kwa ndugu hakuna malipo."

Uongo, ingawa ndani yake ipo punje ya kweli. Punje yenyewe ni hii: Tanzania haina kodi maalumu inayomdai mpwa kwa sababu tu kapewa gari na mjomba wake. Lakini kubadilisha jina ni kazi yenye ada yake, na ada haiulizi mmezaliwa tumbo gani. Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikivitangaza, uhamisho wa gari ni shilingi 50,000, wa pikipiki 27,000, na kadi mpya 10,000. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Gari la milioni 8 kwa hiyo litakuhitaji 80,000 za stempu, 50,000 za uhamisho na 10,000 za kadi: jumla 140,000. Nimeona watu wakichangisha zaidi ya hapo kumnunulia bibi harusi keki. (Viwango huguswa kila Julai bajeti mpya inapoanza kazi, basi uliza kwanza dirishani ndipo uhesabu.)

Sheria ya Ushuru wa Stempu inataka hati ya zawadi igongwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na hilo watu hulisahau kwa urahisi. Mnasaini Pasaka, mnakumbuka Krismasi.

Waliosikia kwamba "huko Marekani ndugu husamehewa" hawajadanganywa, ila wamesikia nusu. Kule kila jimbo lina sheria yake. Texas, kwa mfano, gari la zawadi baina ya jamaa wa karibu hulipiwa dola 10 badala ya kodi kamili ya mauzo, baada ya pande mbili kula kiapo. Sasa soma orodha ya jamaa hao: mume na mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa pamoja, babu na bibi, wajukuu, wakwe. Mjomba na mpwa hawamo. Fikiria kumweleza hivyo mzee wa Kyela, kwamba mpwa wake si jamaa wa karibu!

"Basi muandike mmeuziana kwa laki moja, mambo yaishe."

Uongo, na wenye sumu. Anayekushauri hivi anadhani stempu itakokotolewa kwenye laki moja. TRA ina macho yake ya kukadiria thamani, nayo inajua kwamba Noah inayotembea haiuzwi kwa bei ya mbuzi wawili. Ukiacha kwamba mmeandika jambo ambalo halikutokea, kuna mtego mkubwa zaidi. Mkataba wa mauziano unazaa deni. Siku mjomba hayupo, wanawe watauliza stakabadhi ya ile laki moja iko wapi, na wewe hukulipa, kwa sababu ulipewa. Ulikuwa na zawadi safi, umeigeuza kuwa deni lisilolipwa. Kama ni zawadi, iandikwe hivyo: hati ya zawadi.

"Barua ya mtendaji wa kijiji inatosha."

Haitoshi. Barua ya mtendaji ina heshima yake: inakutambulisha kuwa ni wewe na unakaa pale. Haihamishi umiliki. Kinachotakiwa ni hati ya zawadi iliyosainiwa mbele ya wakili au mwingine mwenye mamlaka ya kuapisha, yenye majina kamili ya mtoaji na mpokeaji, namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, na saini za wote wawili pamoja na mashahidi. Iambatane na kadi ya asili, namba ya mlipakodi, yaani TIN, ya kila mmoja, picha, na fomu ya kuomba uhamisho. TIN hutolewa bure, ila utaulizwa namba ya NIDA. Anayekuuzia TIN stendi anakuuzia hewa.

Hapohapo wazee wana haki ya kudai ushindi. Waliposema zawadi kubwa hutolewa mbele ya watu, walikuwa sahihi kabisa. Kwa Wanyakyusa ng'ombe wa mahari hakukabidhiwa gizani. Waliokuwepo ndio waliokuwa daftari. Wakili anayeuliza "mashahidi wenu ni akina nani?" anauliza swali ambalo babu zetu waliliuliza kabla hajazaliwa, tofauti ni kwamba yeye ana mhuri na anataka hela.

"Lazima gari lirudi Dar, kulikosajiliwa."

Uongo. Usajili wa Tanzania Bara ni mmoja. Ile T mwanzoni mwa namba haina mkoa, na daftari la TRA ni lilelile kokote unakolifungulia. Marekani ndiko gari likihama jimbo hubadilisha kibao. Huku likitoka Temeke kuja Kyela linabaki na namba yake mpaka linakuwa chuma chakavu. Kinachosafiri ni karatasi na saini ya mjomba.

Isipokuwa gari lina Z. Hilo limesajiliwa Zanzibar, kwenye mamlaka ya mapato ya kule, na kulileta huku moja kwa moja si suala la kubadili jina pekee: forodha ya Bara itataka kujua lililipiwa nini lilipoingia. Kodi ya magari yatokayo Zanzibar ilikaa miaka mingi kwenye orodha ya kero za Muungano, kwa hiyo usitegemee kuimaliza wewe kwenye kaunta asubuhi moja.

"Jina likibadilika na namba inabadilika."

Uongo. Namba ni ya gari. Rangi ya kibao ndiyo inaweza kubadilika: gari la mtu binafsi huvaa njano, la biashara huvaa nyeupe. Mjomba alikuwa akiendea kanisani, wewe unataka kubebea abiria wa Ipinda? Hilo ni badiliko jingine, lenye taratibu zake.

"Kila mwaka utalipia leseni ya barabara."

Ilikuwa kweli. Ada hiyo ya mwaka ilifutwa na bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Unailipa kila unapojaza, hata kama hujui.

"Gari la Karonga ni la kwetu. Tupo SADC, ushuru umeondolewa."

Uongo. Hapa tukae kidogo, maana huu ndio unaowaliza watu wa mpakani.

Ni kweli Tanzania na Malawi zote zimo SADC, na ni kweli bidhaa nyingi za nchi wanachama huvuka bila ushuru wa forodha. Neno lililofichwa ni "za". Bidhaa za Malawi ni zile zilizotengenezwa Malawi. Toyota ya shangazi ilitengenezwa Japani. Kukaa Karonga miaka kumi hakuigeuzi kuwa Mmalawi, kama ambavyo sangara akikaa siku tatu kwenye jokofu la Kyela hageuki kuwa samaki wa Ziwa Nyasa. Ikivuka Songwe ni gari la kigeni linaloingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Malawi haimo kwenye jumuiya hiyo. Ushuru wa forodha wa pamoja kwa magari ni asilimia 25.

Chukua gari la injini ya cc 1500, lenye umri wa miaka kumi na mitano, ambalo TRA imelikadiria milioni 10. Zingatia: imelikadiria yenyewe. Kusema "nimepewa bure" hakuliwezi kadirio. Asilimia 25 ni milioni 2.5, sasa tuko 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5, ni 625,000. Halafu kuna ule wa uzee: gari lililopita miaka kumi limekuwa likitozwa asilimia 30, na hapo ni 3,750,000. Tumefika 16,875,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni 3,037,500. Jumlisha kodi peke yake: 9,912,500, na tozo ndogondogo bado hazijahesabiwa. Zawadi ya milioni 10 imeomba karibu milioni 10 nyingine kabla haijafika Katumba Songwe. Ndiyo maana wanaojua hesabu humwambia shangazi, kwa adabu zote, "Ndaga fijo, shangazi, liuze hukohuko, utume ng'ombe."

"Lakini fulani analo la Malawi, anatembea nalo tu." Anatembea, ndiyo. Mgeni wa Malawi huruhusiwa kuingia na gari lake kwa kibali cha muda, akimaliza ziara anarudi nalo. Kibali hicho ni cha mgeni. Mkazi wa Kyela anayekaa na gari hilo msimu hadi msimu, au aliyelipitisha njia za panya kiangazi maji yakiwa magotini, anamiliki kitu ambacho sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakiita bidhaa isiyolipiwa ushuru. Adhabu yake mahakamani inafika miaka 5 jela, au faini ya nusu ya thamani ya kutozwa, au vyote viwili, na gari linakwenda. Mto Songwe wenyewe umehamahama mara nyingi, ukawaacha watu upande ambao hawakulala. Mto unaweza kulihamisha shamba. Gari hauwezi.

Kuna mlango mmoja wa halali, na wachache wanaujua. Mtu anayehama makazi kwa kweli kuja kuishi huku, au mkazi anayerejea, anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa miezi isiyopungua 12. Basi shangazi akiamua kurudi nyumbani kuzeekea Kyela, aje nalo yeye, kwa jina lake. Msamaha ni wa kwake. Hauhamii kwa mpwa kwa kupungiwa mkono darajani.

"Kuendesha gari lenye jina la mwingine ni kosa."

Uongo. Ukiwa na leseni, gari lina bima na mwenyewe ameridhia, endesha. Ukienda nalo Malawi beba barua yake ya ruhusa, maana kule Songwe upande wa pili utaulizwa, pamoja na bima inayovuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima imebaki.

"Bima inalifuata gari."

Usiitegemee. Bima ni makubaliano kati ya kampuni na mtu aliyetajwa, si kati ya kampuni na bodi la gari. Stika inaweza kuwa na miezi minane mbele huku mwenye jina hana tena maslahi kwenye gari hilo. Siku ileile unayobadilisha jina, iarifu kampuni. Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria, na ndiyo inayomlinda yule utakayemgonga. Kuwa na gari barabarani bila bima halali ni kosa bila kujali nani alikupa.

"Mke na mume ni mwili mmoja, hawana haja ya kubadilishana majina."

Kanisani ni kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema vingine: mali iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyohiyo inasema mwanandoa akimpa mwenzake mali, huchukuliwa kuwa ni ya aliyepewa moja kwa moja. Kwa hiyo, baba, kama kweli ulimpa mama ile kirikuu ya kubebea mchele sokoni, andika.

"Mjomba ameshasaini fomu tupu, nitaijaza nikipata hela."

Uongo, na ndio ninaokutana nao mara nyingi kuliko wote. Fomu iliyosainiwa ikaachwa wazi inaishi maadamu aliyesaini yu hai. Akifariki, ruhusa aliyokuachia ya kumfanyia jambo hufa naye, hata kama ni hati ya uwakilishi yenye mihuri mitatu. Kuijaza tarehe za nyuma ni kughushi. Huenda kweli alikupa kwa mikono yake miwili. Sasa utalazimika kulithibitisha mbele ya wajane na watoto ambao wao wanaliona gari la baba.

Hapo ndipo linapofuata jingine: "Ukoo ukikaa, muhtasari ukiandikwa, imekwisha." Haijaisha, ila imeanza vizuri. Kikao cha ukoo kina kazi: kinampendekeza msimamizi wa mirathi, na mahakama huupokea muhtasari wake kama dalili kwamba ndugu wameelewana. TRA haitabadilisha jina kwa muhtasari. Inamtaka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, nyingine hupanda juu zaidi. Na ni mahakama ya mahali alipokuwa akiishi marehemu: mjomba wa Tabata mirathi yake itafunguliwa Dar, hata kama kazikwa Kyela na gari liko kwako. Msimamizi akiteuliwa hupewa fomu namba 4, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, naye ndiye atakayesaini uhamisho. Kama ataridhika kwamba ulipewa.

Na yule baba mdogo anayesimama kikaoni kudai kwamba kwa mila gari la kaka ni lake? Historia anayo. Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwamba mali ya marehemu ilipita kwanza kwa ndugu yake wa mama mmoja, ndipo ikawafikia watoto. Lakini ndugu huyo alipokea na mzigo: wajane, watoto, madeni. Baba mdogo anayetaka gari bila ada za shule za watoto wa marehemu anadai mila ambayo haikuwahi kuwepo.

"Mali bila daftari hupotea bila habari."

Kweli. Methali hii ilipita kila kipimo nilichokuwa nacho.

Sasa simama, nenda kabatini, toa kadi ya gari au pikipiki unayoiendesha, usome jina lililoandikwa. Kama si lako, na mwenye jina bado anapokea simu, mpigie leo.